Safari ya siku nzima kwa baiskeli za zamani: kilomita 60 na breki za fito, tutatoboa?

KengeleMoja:

Wakuu, habari za jioni.

Tuna kikundi chetu kidogo cha wapenda baiskeli za zamani. Si klabu: hatuna mwenyekiti, hatuna jezi, hatuna hata jina. Tumezoea kuzunguka karibu karibu wakati wa jioni. Juzi mmoja akasema kwa nini tusitoke siku nzima, tupite njia za mashambani, udongo na kokoto, tule tulichobeba na turudi kabla jua halijazama. Wote wakaitikia, kisha wote wakanigeukia mimi nipange. Ndiyo malipo ya kuwa mtu pekee mwenye ramani.

Tuko wanane na vyombo vyetu ni mchanganyiko. Tatu ni zile nyeusi ndefu za breki za fito (vyuma vyembamba badala ya waya), gia moja, mojawapo Raleigh niliyoachiwa na babu. Mbili zina gia tatu za ndani ya habu (kitovu cha gurudumu), za kampuni ya Sturmey-Archer. Moja breki yake ni ya kukanyaga pedeli kinyumenyume, kwenye usukani haina kitu kabisa. Mbili zilizobaki ni za mashindano, fremu ya chuma, za mwishoni mwa miaka ya 1970, zile za kubadilishia gia kwa vijiti viwili kwenye bomba la chini. Halafu wa tisa kajitokeza na baiskeli mpya ya alumini yenye breki za diski, na hapo ndipo kundi lilipogawanyika.

Njia niliyochora ni mzunguko wa kilomita 60, theluthi yake lami. Kuna mlima mmoja wa maana: upande mmoja mkali na mfupi, wa pili mrefu lakini wa taratibu. Nimepanga tupande ule wa taratibu kwa kuwahurumia wenye gia moja, tushuke ule mkali.

Naomba ushauri. Kilomita 60 ni sawa? Nikague nini hasa kabla ya siku yenyewe? Tubebe vifaa gani bila kugeuka karakana? Na huyu wa alumini tumfanyeje? Naomba kuwasilisha.

Tandiko:

Sitini ni nyingi, mkuu. Fito kwenye udongo, watu wanasimama kupiga picha na kubishana, mkijitahidi sana mtakwenda kilomita 12 kwa saa. Hayo ni masaa matano ya kukanyaga tu, hujahesabu pancha wala kula. Kata ibaki 35 au 40. Mwenye nguvu za ziada azunguke tena peke yake.

Grisi_na_Gololi:

Tandiko kasema kweli, ila mimi umbali haukunishtua. Kilichonishtua ni hapo uliposema "tushuke ule mkali". Igeuze hiyo njia leo hii, kabla hujamwonyesha mtu mwingine.

Mwenye gia moja akishindwa kupanda anateremka, anakokota, anapiga soga na mwenzake. Hakuna aliyeumia. Akishindwa kusimama kwenye mteremko, hapo hakuna mazungumzo. Safari ya vyombo vya zamani inapangwa kwa breki, miguu inafuata baadaye. Pandeni upande mkali hata kama nusu yenu watakokota, mshuke ule mrefu.

Fito nazipenda, nimekulia juu ya fito, kwa hiyo msinielewe vibaya. Raba zake zinavutwa kwenda juu na kubana rimu kwa ndani, upande unaotazama habu. Rimu ikiyumba kidogo kushoto na kulia haisumbui sana. Adui yake ni rimu iliyopoteza uduara: kila mzunguko breki inabana, inaachia, inabana tena. Pindua baiskeli juu chini, zungusha gurudumu polepole, tazama lile pengo kati ya raba na rimu linavyobadilika. Ukimaliza nenda kwenye klempu ndogo, pale fito moja inapoingia ndani ya nyingine. Breki nyingi za fito hufia hapo. Simama na baiskeli yako, bana breki zote mbili kwa nguvu zako zote, rudia, rudia tena. Klempu ya kuteleza iteleze ukiwa umesimama. Na viungo vyote vya fito vipate tone la mafuta, tone tu, lisifike kwenye rimu.

Halafu maji. Rimu ya chuma yenye kromu ikilowa, raba ya kawaida inateleza juu yake kana kwamba hukugusa kitu. Ndiyo sababu zamani zilitengenezwa raba zenye uso wa ngozi, kwa ajili ya mvua. Mkitoka kwenye dimbwi, mtu abane kidogo huku anaendelea kukanyaga, rimu ijifute kabla hajaihitaji.

Huyo wa kukanyaga kinyumenyume ndiye mimi ningemwekea jicho. Breki yake inapitia kwenye cheni. Cheni ikichomoka, hana breki, mwisho wa habari. Kwa hiyo cheni yake ikaguliwe kuliko za wengine wote: isicheze zaidi ya sentimita moja hivi juu na chini, na kiungo cha kufungia kiwe kizima. Kama uma wa mbele una tundu la kufungia breki ya waya, mfungieni, hata kama itaharibu sura. Shida ya pili ni joto. Breki hiyo joto lake lote linabaki ndani ya habu. Mwaka 1976 kuna vijana wa Marin County, California, walianza kushindana kushuka njia ya mlimani kwa baiskeli kuukuu za breki hizo hizo. Wakifika chini grisi ilikuwa imeungua, habu inafuka moshi, ikabidi ifunguliwe na kujazwa grisi upya. Baiskeli za milimani za leo zina asili yake huko. Rafiki yenu asimame katikati ya mteremko, asogeze kiganja karibu na habu asikie joto, asubiri.

Kingine kinachokatisha safari ni kotapini, ile pini inayofunga kranki kwenye ekseli ya katikati. Ukisikia "kok" kila pedeli inapopita mahali pale pale, usiseme ni uzee wa baiskeli. Pini imelegea, na ukiendelea kuikanyaga inakula tundu la kranki mpaka siku pini mpya nayo haishiki. Watu wanakosea hapa: wanakaza nati wakidhani ndiyo inayovuta pini. Nati inaishikilia tu isitoke. Pini iingizwe kwa kubanwa na vaisi, au kwa nyundo huku kranki imeegemezwa juu ya bomba zito la chuma ili pigo lisiende kwenye gololi. Pini mbili ziingie kwa kupingana, moja kutoka juu na nyingine kutoka chini, la sivyo pedeli zitakaa upande upande. Pini mpya hujilaza baada ya mwendo mfupi, kwa hiyo fanyeni mzunguko wa majaribio siku chache kabla, kisha nati zikazwe tena.

Pancha nitaisema kwa kifupi maana hapa wengi hupoteza saa nzima bure. Gurudumu la nyuma la baiskeli ya fito yenye kava la cheni HALITOLEWI njiani. Laza baiskeli upande wa cheni, bandua ukingo mmoja wa tairi upande ulio juu, vuta tyubu nje pale penye tundu, kwangua, solusheni, subiri ikauke, kiraka, rudisha. Kwanza pitisha vidole ndani ya tairi utafute mwiba. Habu haikuguswa, cheni haikuguswa, breki haikuguswa.

Chuma_Tupu:

Kuhusu wa alumini mimi nasema aende kwenye safari nyingine. Tazameni L'Eroica ya Italia. Ilianza 1997 pale Gaiole in Chianti, Toscana, watu 92 tu, na leo wanakuja maelfu. Kwa nini? Kwa sababu wameshikilia masharti: baiskeli ya mashindano ya chuma iliyotengenezwa kabla ya 1987, vijiti vya gia kwenye bomba la chini, pedeli zenye vikapu na mikanda, waya za breki zipite nje ya usukani. Hapo ndipo penye ladha. Ukiruhusu diski moja leo, safari ijayo zitakuwa nne, na baada ya hapo mna kundi la kawaida la baiskeli lenye watu wawili wa ajabu nyuma.

DadaPampu:

Chuma_Tupu kaka yangu, kwa masharti hayo Raleigh ya babu yake KengeleMoja nayo ingerudishwa nyumbani, maana haina hata hicho kijiti cha gia. Wale wana maelfu ya watu, ni lazima wawe na mstari wa kukata. Hawa wako tisa.

Mimi huwa naongoza safari za namna hii na nasema mleteni wa alumini, mumpe kazi. Awe wa mwisho. Huyo ndiye mwenye breki za uhakika na gia nyepesi, kwa hiyo anaweza kubaki nyuma na mgonjwa, kisha akawafikia. Mpeni pampu kubwa na mfuko wa spana abebe. Atajiona wa maana na nyie mtapanda mlima bila mzigo. Akianza kukimbilia mbele kuonyesha misuli, hapo sasa mpeni barua ya Chuma_Tupu.

Jambo ambalo hakuna aliyeligusa bado ni mpangilio wa kundi lenyewe. Watu wanadhani tisa ni wachache hawawezi kupotezana. Wanapotezana! Wa mashindano wanateleza mbele bila kujua, wa fito wanabaki nyuma, njia panda ya kwanza imewagawa. Mimi natumia utaratibu huu: kiongozi mbele, wa mwisho anajulikana ni nani, na kila penye kona au njia panda yule aliye wa pili, nyuma tu ya kiongozi, anasimama hapo hapo anaelekeza watu mpaka amwone wa mwisho. Kisha anaingia kwenye msafara mbele ya wa mwisho. Kona inayofuata anasimama mwingine. Kiongozi hahitaji kugeuza shingo, na hakuna anayehitaji simu, ambayo mashambani mara nyingi haina mtandao.

Kwenye mteremko msishuke kwa kundi. Mmoja mmoja, anayefuata anaanza mwenzake akiwa mbali. Aliye mbele ya mtu wa fito ana kinga gani mtu wa fito akishindwa kusimama? Na wa fito watangulie kushuka, wa diski mwisho, si kinyume chake.

Wale wawili wa mashindano waambiwe walegeze mikanda ya pedeli kabla ya kila njia panda. Nimeona mtu anasimama vizuri kabisa kisha anaanguka pembeni kama gunia kwa sababu mguu haukutoka. Na wabadilishe gia kabla mlima haujaanza, maana kupeleka mkono kwenye bomba la chini huku gurudumu linaruka kwenye kokoto kunahitaji mazoea.

KengeleMoja:

Nimeshageuza njia. Pia nimekata, sasa ni kilomita 38. Aliyenuna ni mmoja tu na namjua ni nani.

Nimefanya ule mtihani wa klempu. Ya breki ya nyuma imeteleza mara ya tatu, fito ikazama ndani mkono wa breki ukagusa usukani. Nimebaki nimeitazama tu. Nitaweka boliti mpya.

Swali jingine. Matairi ya Raleigh yana nyufa ubavuni, nikaagiza mapya ya 28 kwa kuwa ya zamani yameandikwa 28. Yaliyokuja hayaingii kwa njia yoyote ile. Nimevunja vijiko viwili vya tairi. Nimeletewa feki?

Grisi_na_Gololi:

Si feki, ni 28 nyingine. Achana na inchi, soma namba ya milimita ubavuni, ile yenye kistari katikati. Kwa baiskeli yako ya fito tafuta inayoishia na 635, ndiyo 28 x 1½. Kuna 28 inayoishia na 622 na nyingine 642, zote zinaitwa 28 na hakuna inayokubali rimu ya mwenzake. Wewe bila shaka umeletewa 622, ndiyo maana vijiko vimevunjika. Waambie na wa mashindano wakague: wengine wa miaka hiyo wana rimu ya inchi 27, ambayo ni 630, wengine 700C, ambayo ni 622. Milimita nane, lakini tyubu ya akiba wanaweza kuchangia, tairi hawawezi.

Na hizo rimu za zamani za chuma hazina ukingo wa ndani wa kushika tairi, kwa hiyo msijaze upepo mpaka liwe jiwe. Kwa 635 kiasi cha psi 50 kinatosha, na kwenye kokoto utanishukuru. Mmoja wenu ahakikishe pampu inakubali aina zote za vali mlizonazo. Hilo ndilo linalosahaulika kila mara.

MwenyeRamaniNiSisi:

Mimi ni mmoja wa wale wa gia tatu kwenye kundi hili, na ramani hata mimi ninayo, KengeleMoja asijisifu.

Habu yangu ya Sturmey-Archer imepigwa chapa AW 58 7. Inafanya kazi ila nikisimama kukanyaga, mara nyingine miguu inazunguka bure kwa ghafla, kifua kinaenda kwenye usukani. Gia namba moja na mbili hakuna tatizo. Nibadilishe habu?

Grisi_na_Gololi:

Usiguse habu! 58 7 maana yake ilitengenezwa Julai 1958, na bado itakuzika wewe ikipewa mafuta. AW, yaani aina ya habu yako, ina sehemu tupu kati ya gia ya pili na ya tatu. Waya ukiwa umelegea au umevutwa kupita kiasi, habu inaketi katikati na huko hakuna gia. Weka kwenye namba mbili, kisha chungulia kwenye tundu la ile nati ndefu ya kulia ambamo kicheni kidogo kinaingia. Utaona kile kijiti cha ndani pale kinapoungana na kicheni: bega lake liwe sawa sawa na mwisho wa ekseli. Likizidi au kupungua, zungusha kirekebishi cha waya mpaka likae hapo, ufunge nati yake ya kubania. Zima kabisa tabia ya kusimama kukanyaga mpaka uhakikishe.

Mafuta mepesi ya mashine, matone machache kupitia kijitundu chenye kofia juu ya habu. Grisi usisukumie humo.

La kukumbuka njiani: waya ukikatika, habu hiyo inarukia yenyewe gia nzito, ambayo ni theluthi moja zaidi ya gia ya kati. Kwenye mlima wenu huo ni mateso. Vuta kicheni kwa mkono mpaka uipate gia ya kati au nyepesi, kifunge kwa kamba au waya mwembamba kwenye bomba la fremu linalokwenda nyuma, rudi nyumbani na gia moja uliyoichagua wewe.

Na kama gia nyepesi haiwatoshi nyie wawili, badilisheni sproketi (gurudumu la meno) ya nyuma. Nyingi zilitoka kiwandani na meno 18. Weka ya 22 na baiskeli inakuwa nyingine kabisa mlimani. Kwenye AW ya umri wako sproketi inashikwa na pete ya chuma tu, bisibisi nyembamba inaitoa. Kagua cheni kama inafika, pengine utaongeza kiungo.

DadaPampu:

Vifaa naona havijajibiwa. Kundi zima, si kila mtu: pampu, viraka na solusheni mpya (ya zamani hukutwa imekauka), vijiko, spana za nati za magurudumu yenu yote, plaizi, bisibisi, kiungo cha cheni cha akiba, kotapini mbili za saizi yenu na nati zake, waya mwembamba na kamba. Tyubu moja kwa kila saizi ya gurudumu. Boliti na nati chache za klempu za fito, kwa heshima ya KengeleMoja. Na wenye viti vya ngozi wabebe mfuko wa plastiki wa kufunika, maana ngozi ikilowa kisha ukaikalia inajikunja na hairudi tena ilivyokuwa.

Mavazi? Vaeni mnavyotaka. London kuna Tweed Run tangu 2009, watu na suti zao za sufu na kofia, inapendeza sana. Ila suruali pana na kranki ni maadui, ifungeni kifundoni.

Tandiko:

38 sawa. Nani anabeba maji?

KengeleMoja:

Maji kila mtu yake. Wa alumini amekubali kuwa wa mwisho, na amefurahi kupita tulivyotegemea. Ameomba afunge kengele ya zamani ili "afanane na sisi".

Tairi za 635 nimezipata. Mwenye breki ya kukanyaga, uma wake una tundu, kwa hiyo tunamfungia breki ya mbele Alhamisi. Majaribio ni kilomita 10 Jumamosi, safari yenyewe wiki inayofuata. Swali la mwisho: mvua ikinyesha tukiwa juu mlimani?

Grisi_na_Gololi:

Mkokote kushuka, nyote wa rimu za chuma. Mteremko wa taratibu mkiukokota, hata mambo yakiwa mabaya ni dakika arobaini tu, wa diski atangulie polepole akawatafutie pa kujikinga. Na hiyo boliti ya klempu, weka na washa ya meno chini ya nati, kisha rudia kubana ukiwa umesimama kabla ya Jumamosi.